Fa Inayochelewa Kushuka

Hotuba kwa walimu wa kwaya, Bukoba

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nawasalimu kwa salamu zote mbili kwa sababu humu ndani tumechanganyika, na moyo wangu umefurahi kuona hivyo. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya nguvu ya muziki wa kwaya, hasa ule muziki mkubwa wa kanisa ulioandikwa kwa nota: unatugusaje hadi machozi yanatoka, hata pale ambapo maneno yenyewe hatuyaelewi? Nimefundisha kwaya kwa miaka 24, na swali hili limekuwa nami muda wote huo. Lakini sikulipata kwenye kitabu. Nililipata msibani, nikiwa kijana wa sauti ya tatu, yaani tena.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Wengi wenu mnaikumbuka siku ile mlikuwa wapi. Mamia ya watu walikufa, na mkoa huu ulikuwa kama nyumba moja yenye msiba. Kwaya yetu iliitwa nyumba hata nyumba. Kwingine kulikuwa na jeneza, kwingine hapakuwa na jeneza wala kaburi, kulikuwa na picha tu juu ya meza na watu wamekaa chini kwenye mikeka wakimtazama mtu ambaye hajaonekana.

Tulikuwa na daftari la nyimbo, zaidi ya 30. Tulipokaa kuchagua, tukakuta karibu zote ni za kushangilia. Na zile chache za msiba, zote zilikuwa zinamwambia mfiwa jambo moja: usilie. Nyamaza, tutaonana mbinguni. Tukaziimba hivyo hivyo kwa nguvu zote, vijana tulikuwa na sauti. Siku ya tatu, kwenye nyumba moja, mama mwenye msiba aliinua mkono katikati ya wimbo. Tukanyamaza. Akasema taratibu kabisa: "Wanangu, msiniharakishe."

Sikupata jibu siku ile, na mwalimu wetu hakuwa nalo. Alikuwepo katekista mzee, akaanzisha wimbo wa polepole, wa zamani, bila ngoma. Besi wakamfuata wawili watatu. Sisi wengine tukaingia kwa kubahatisha. Na yule mama akalia, kilio ambacho nadhani kilikuwa kimekwama siku tatu nzima. Alipomaliza, aliomba maji ya kunywa. Watu wa nyumbani waliniambia baadaye kwamba yale yalikuwa maji yake ya kwanza tangu habari ilipofika.

Basi nataka kuzungumza juu ya muziki usiomharakisha mtu.

Tuanze na jambo dogo la ufundi, na ninahitaji msaada wenu. Besi, nipeni do. Shikeni hapo hapo. Tena, chukueni so. Soprano, do ya juu. Alto, najua mnataka mi, lakini msiende mi. Imbeni fa, na mkae hapo. Kaeni. Mnasikia? Fa yenu imebanana na so ya tena, zinasuguana. Kuna kitu kifuani kinavuta. Kila mtu humu ndani, hata asiyejua nota, anataka fa hiyo ishuke. Bado. Bado. Haya alto, shukeni mi.

Mmesikia wenyewe. Kuna mtu pale nyuma ameshusha pumzi.

Fa ile haikuwa kosa. Mtunzi anayejua kazi yake anaianza katika mpatano uliotangulia, ikiwa nyumbani kwake, inapatana na wenzake wote. Kisha wenzake wanahama wanaenda nyumba mpya, yeye anabaki. Ndivyo anavyobaki mfiwa. Watu wote wameondoka kaburini, wamerudi kwenye shughuli, mmoja bado amesimama pale. Muziki wa kawaida unamvuta mkono: twende. Muziki wa watunzi hawa wakubwa unamsubiri, tena wakati mwingine unamsubiri kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuvumilia, halafu unamshusha taratibu, hatua moja tu, hadi mi.

Mwaka 1991 mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha utafiti aliowauliza watu 83 wamtajie vipande vya muziki vilivyowahi kuwatoa machozi, kuwaletea fundo kooni au kuwasisimua mwili, na wamwonyeshe ni mahali gani hasa. Machozi yalionekana kufuata mahali pa namna hii: nota inayoegemea mahali si pake, ikisuguana, kisha ikashuka. Nilifurahi kusoma habari hiyo. Yule katekista hakusoma saikolojia, lakini wimbo wake ulikuwa umejaa fa za namna hiyo.

Sasa niwapeleke Ujerumani, kwa mtu aliyeelewa jambo hili kuliko wengi. Anaitwa Johannes Brahms, alizaliwa Hamburg mwaka 1833. Mnamo Februari 1865 mama yake aliugua ghafla. Brahms alikuwa Vienna. Alisafiri haraka kurudi, akakuta mama ameshafariki. Wangapi humu ndani mnaijua safari hiyo? Simu ya usiku, basi la alfajiri, na njia nzima unahesabu vituo, na moyoni unajua.

Kutokana na miaka hiyo ikatoka kazi inayoitwa Rekwiemu ya Kijerumani. Rekwiemu, kwa wale wasio Wakatoliki, ni Misa ya wafu. Kwa karne nyingi iliimbwa kwa Kilatini, nayo inaanza kwa kumwombea marehemu: uwape raha ya milele, ee Bwana. Watunzi wengi walipofika kwenye siku ya hukumu walileta tarumbeta na ngoma za kutisha. Brahms alifanya mambo mawili tofauti. Kwanza, aliacha maneno ya Kilatini, akafungua Biblia ya Luther, akachagua mwenyewe mistari kwa lugha aliyofundishwa na mama yake. Pili, na hili ndilo linalonishika hadi leo, hakuanza na marehemu. Alianza na waliobaki: "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika."

Sikilizeni alivyopanga sauti zake pale mwanzo. Vayolini zote amezinyamazisha, sehemu nzima ya kwanza hazipigi hata nota moja. Anayo okestra nzima mbele yake, na anaiondolea ule mng'ao wa juu ambao kila mtunzi anautegemea. Zinabaki viola, selo, besi kubwa, ala za kupuliza. Rangi yake ni ya jioni. Chini kabisa kuna nota moja inayorudiwa rudiwa, kama hatua za mtu asiye na haraka. Kisha kwaya inaingia kwa sauti ya chini sana, na soprano wanaimba nota tatu tu kwa maneno mawili ya Kijerumani, Selig sind. Nota hizo kwa solfa ni do, mi, fa.

Fa tena. Soprano wa Brahms wanatua kwenye fa, wakaiacha iulize. Wataalamu waliochambua kazi hiyo wanaonyesha kwamba nota tatu hizo zinarudi, zikigeuzwa na kufichwa, katika sehemu nyingine kote, na sehemu zenyewe ni saba, zaidi ya saa moja ya muziki.

Sehemu ya pili inaingia na maneno ya Petro: mwili wote ni kama majani. Ni mwendo wa mazishi, lakini ameuandika kwa mapigo matatu, si mawili wala manne. Jaribuni kutembea na jeneza kwa mapigo matatu. Kila mara mguu unaoanza ni mwingine. Timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinagonga chini chini, kwaya yote inaimba wimbo mmoja kwa pamoja bila kupanga sauti, kama watu waliochoka hata kupanga sauti. Baada ya muda mrefu ndipo neno "lakini" linapokuja: lakini neno la Bwana hudumu milele. Limekuja kwa sauti kuu, na linaaminika, kwa sababu limesubiri.

Nilimwonyesha mchungaji mmoja rekodi hiyo. Akaniambia, "Mwalimu, mbona anachelewa hivi kufika kwenye tumaini?" Nikamkumbuka yule mama wa 1996.

Kuna habari nyingine ya kazi hii ambayo kila mwalimu wa kwaya anapaswa kuijua. Tarehe 1 Desemba 1867, sehemu tatu za kwanza zilipigwa Vienna kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa sehemu ya tatu kuna mahali kwaya inaimba kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Sauti nne zinakimbizana, zinapishana, zinapokezana, na chini yake mpiga timpani anashika nota moja tu, ile ile, mwanzo hadi mwisho. Ni kama mkono wenyewe wa Mungu, hauondoki. Basi siku ile mpiga timpani hakuielewa alama ya sauti iliyoandikwa. Akapiga kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho, akaifunika kwaya yote. Hakuna aliyesikia neno. Sehemu ya wasikilizaji wakazomea.

Ndugu zangu, kazi kubwa kiasi hicho iliangushwa siku ile na ngoma moja iliyopigwa kwa nguvu kupita kiasi. Sina ugomvi na ngoma. Mimi ni Mhaya, ngoma nimezaliwa nazo, na ngoma ile ya Brahms ikipigwa sawasawa ndiyo inayobeba kila kitu. Lakini ninaumia ninapoingia kanisani nikakuta kwaya ya watu 40, waliofanya mazoezi wiki tatu, alto wao ana fa nzuri ya kuchelewa, na pembeni kuna kinanda cha umeme kinachopiga mdundo wake kwenye spika mbili zenye urefu wa mtu. Fa ile hakuna atakayeisikia. Kilichobaki ni mdundo, na mdundo unachangamsha miguu, ni jambo jema, lakini mtu aliyekuja na msiba wake anatoka nao kama alivyokuja.

Huko Bremen, Ujerumani, mambo yalikuwa tofauti. Ilikuwa Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1868, katika kanisa kuu la mji. Kwaya ilikuwa imeandaliwa vizuri na mwalimu wake, Karl Reinthaler, na Brahms mwenyewe akaiongoza. Baba yake mzazi alikuwa ndani ya kanisa. Clara Schumann, mpiga piano, alikuwepo pia, mjane wa rafiki yake Brahms, mtunzi Robert Schumann. Hebu fikirini, mzee aliyefiwa na mke, na mjane aliyefiwa na mume, wameketi kanisani siku ya Ijumaa Kuu, na kwaya inawaambia heri ninyi.

Baada ya hapo Brahms aliona bado kuna kitu kimepungua, akaongeza sehemu moja, ile tunayoiita ya tano. Mwanamke mmoja, soprano, anaimba peke yake juu, na chini kwaya inamwitikia kwa upole maneno ya Isaya kwamba nitawafariji kama mtu anavyofarijiwa na mama yake. Kazi yote ikiwa kamili iliimbwa Leipzig tarehe 18 Februari 1869. Ilikuwa imepita miaka minne tangu amzike mama yake. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu ndipo akaweza kuandika neno mama.

Niliwaambia Brahms aliandika kwa lugha ya nyumbani kwao. Hapa niseme jambo kuhusu Kiswahili, maana linanikera na kunifurahisha kwa pamoja.

Kiswahili kina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho. Ba-RA-ka. Hu-RU-ma. Nyimbo nyingi tulizozipokea zilitafsiriwa na watu wenye moyo mwema waliohesabu silabi bila kusikiliza mkazo. Matokeo yake wimbo unapanda pale neno linaposhuka. Unaimba BWA-na, lakini wimbo umeinua "na", ukaikandamiza "Bwa". Masikio yetu yamezoea, lakini moyo unajua. Neno likivunjika shingo haliwezi kumbeba mtu.

Sasa angalieni bahati hii. Selig, neno la Brahms, mkazo uko mwanzo. Heri, neno letu, mkazo uko mwanzo. Do, mi: He-ri. Halafu fa inaangukia "we" ya "wenye", nayo ndiyo yenye mkazo. Kijerumani kina silabi nane katika mstari ule, sisi tuna saba, kwa hiyo mahali pamoja unavuta silabi moja kwa nota mbili na mstari umekaa. Nilipogundua hilo nilikuwa peke yangu mezani usiku, taa ya chemli, maana umeme ulikuwa umekatika. Niliimba soprano, nikaimba alto, nikarudi tena soprano. Nilihisi kama mtu wa mbali sana amebisha hodi na kusalimia kwa lugha yangu.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu katika Misa. Lakini hata kabla ya mlango huo kufunguka, watu wetu walikuwa wamekwisha kupita dirishani. Kule Kamina, Katanga, nchini Kongo, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili chao chenye ladha yake, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji aitwaye Guido Haazen alikuwa na kwaya ya wavulana na walimu wao. Mwaka 1958 waliimba Misa ambayo baadaye ilijulikana duniani kote, Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, ila nyimbo zilikuwa zao, zilizotungwa kwa kuimba pamoja, mmoja akitoa na wengine wakiitikia. Na mnajua pale penye Kyrie, Bwana utuhurumie, waliweka nini? Waliimba kwa mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Hakuna aliyewaambia kwamba Kyrie ni kilio. Walisoma maneno, wakayatambua.

Na sisi wa hapa tunayo yetu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuja kuwa mchungaji wa Kilutheri, aliandika maneno ya Mfurahini, Haleluya, juu ya wimbo wa Kihaya. Tumeuimba Pasaka zote za maisha yetu. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, kwa Kijerumani. Kwa hiyo Pasaka, katika nchi ya Brahms, kuna watu wanaoinua sauti zao kwa mapito ya nyimbo za bibi zetu, na nina hakika wengi wao hawajui Bukoba iko wapi. Sisi nasi tunalia na Brahms bila kuijua Hamburg. Hilo halinishangazi tena. Wimbo hauna pasi ya kusafiria.

Kuna mtu ameandika kikaratasi hapa, anauliza: "Mwalimu, na Haleluya ya Handel je? Ile si ya furaha, na inatutoa machozi?" Swali zuri sana, na nashukuru, kwa sababu kwaya nyingi humu zinaiimba.

Ndiyo, inatutoa machozi. Lakini mara nyingi tunaiimba tukiwa tumeing'oa na mizizi yake. Haleluya ni sehemu ya kazi ndefu ya kwaya iitwayo Masihi, na Handel aliiandika yote ndani ya siku 24, kuanzia 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741. Haleluya haiko mwisho wa kazi, na wala haiko mwanzo. Imefunga sehemu ya pili, na sehemu ya pili inafunguliwa na Mwana-Kondoo, kisha inakuja Isaya 53: alidharauliwa na kukataliwa na watu, mtu wa huzuni nyingi, ajuaye sikitiko. Hapo Handel ameandika wimbo wa sauti moja ya alto, mrefu, wa polepole, wenye vituo vya kimya katikati kana kwamba mwimbaji ameshindwa kuendelea. Msikilizaji anapitishwa humo kwanza. Haleluya inakuja baadaye sana.

Ilipoimbwa mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, aliyeimba alto ile alikuwa mwigizaji wa kike aitwaye Susannah Cibber. Mama huyu alikuwa ametoka London akiwa ameaibishwa. Mambo ya ndoa yake yalikuwa yamepelekwa mahakamani, yakaandikwa magazetini, mji mzima ukamcheka. Sauti yake haikuwa kubwa wala ya mafunzo marefu. Akasimama mbele ya watu kama 700 akaimba: alidharauliwa, akakataliwa. Husimuliwa kwamba mchungaji mmoja aliyekuwa ndani ya ukumbi, naye alikuwa mfiwa wa mke, aliinuka akasema kwa sauti kwamba kwa wimbo huo dhambi zote za mama yule zisamehewe. Fedha za kiingilio ziligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Watu 142 walitoka gerezani kwa sababu ya siku ile.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeandika kikaratasi, imbeni Haleluya. Lakini Pasaka ijayo tafuteni alto mmoja, si lazima awe mwenye sauti kubwa kuliko wote, tafuteni yule anayeyajua maneno, aimbe Isaya 53 kabla yake. Mtaona kanisa litakavyosimama.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni pumzi.

Katika Brahms kuna nota ndefu ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzishika kwa pumzi moja. Zetu pia zipo. Tunawafundisha waimbaji wapokezane: wewe unapumua, jirani yako anashika; yeye akipumua, wewe umesharudi. Msikilizaji anasikia sauti isiyokatika, ilhali kila aliyeimba alikatika. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walichapisha mwaka 2013 majaribio waliyofanya na vijana 15, wakapima mapigo ya moyo walipokuwa wakiimba. Waliona kwamba wakiimba wimbo pamoja, mioyo yao huharakisha na kupunguza mwendo kwa pamoja, kwa sababu wimbo unawapangia pumzi. Nyimbo za taratibu zenye mistari mirefu zinawafanya wote wapumue kama mtu mmoja.

Mwaka ule wa 1996, kijana aliyesimama kushoto kwangu kwenye tena alikuwa amempoteza kaka yake katika meli. Mwalimu alimwambia akae nyumbani. Akakataa, akaja. Siku tulipokwenda kuimba nyumbani kwao, alifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilimsikia akijaribu. Ubeti wa kwanza haikutoka, wa pili haikutoka. Sisi wengine wa tena, bila kupangana, tukaongeza kidogo, kiasi tu cha kufunika nafasi yake, ili wa nyumbani wasijue kwamba mtoto wao ameshindwa. Ubeti wa nne nikasikia sauti ndogo yenye mikwaruzo kushoto kwangu. Haikuwa kwenye nota sahihi. Alikuwa ameingia.

Naye yumo humu ndani leo, anafundisha kwaya. Sitamtaja, lakini amenikubalia niseme.

Mkononi mna karatasi moja ya solfa. Ni ule mwanzo wa Brahms, mistari michache tu, kwa maneno yetu: Heri wenye huzuni. Nimeishusha kidogo ili tena wasiumie. Vayolini hatuna, na yeye mwenyewe hapa hakuzitaka. Naomba spika zizimwe. Naomba tusimame. Msiangalie saa. Alto, mkifika kwenye nota niliyoizungushia duara, kaeni pale hadi niwape mkono.

Besi, do ya chini. Taratibu.